Kipulizo na Mkono wa Baba

Kitu chenyewe nilikipata soko la Kibuye, Jumapili baada ya kanisa, na kama ningejua kitanipeleka wapi ningekiacha pale pale kwenye turubai, katikati ya wanasesere wasio na macho na magari yasiyo na magurudumu. Mama anayeuza vitu vya mitumba vya watoto hakujua ni nini. Alidhani ni cha kusafishia masikio. Mimi ni mwalimu wa chekechea, na vitu vya ajabu vya watoto huwa navitambua, kwa hiyo nilikichukua nikakigeuza mkononi na moyo wangu ukaruka. Mpaka leo najilaumu kwa huko kuruka.

Ni kimrija cha plastiki cha rangi ya chungwa, kifupi kuliko kiganja. Mbele kina tundu la kuchomeka kalamu ya rangi, zile za watoto zenye ncha laini inayonyonya wino. Nyuma kuna mpira mwembamba, na mwisho wa mpira kuna kibofu kama kile cha mashine ya kupima presha. Unachomeka kalamu, unaminya kibofu, hewa inapita kwenye ncha na kuurusha wino kwenye karatasi. Ukiminya kinyonge kinatema matone makubwa makubwa, kama mtu anayepiga chafya. Ukiminya kwa nguvu na kwa mwendo mmoja, wino unatoka laini kama umande. Hakuna betri wala umeme, kazi yote inafanywa na mkono.

Na mkono ndio uliokuwa shida nyumbani kwangu.

Baba ni mwandishi wa mabango, wa brashi na mkebe wa rangi. Kwa miaka arobaini ameandika majina ya mashua za Dunga, vibanda vya kinyozi, vinu vya kusaga mahindi, na karibu kila ukuta wa duka pale Kisian, kwetu. Mashine za kuchapa mabango ya plastiki zilipojaa mjini, kazi ilipungua, lakini mkono wenyewe ulikuwa hai. Halafu mwaka huu, mwezi wa pili, kiharusi kikamwangusha asubuhi akinywa chai. Mama alitutoka mwaka juzi na kaka yangu yuko Nairobi, kwa hiyo aliyemkuta sakafuni, karibu saa sita mchana, alikuwa jirani aliyekuja kuazima jembe. Maneno yalirudi, mguu ukarudi nusu, mkono wa kulia ukabaki unaning'inia.

Kaka yangu akaamua kwamba baba akae kwangu, kwa sababu kliniki ya mazoezi iko hapa mjini Kisumu kila baada ya wiki mbili. Aliamua kwa simu. Kaka yangu huamua mambo mengi kwa simu.

Sasa, asiyejua mila zetu anaweza kuuliza kuna ubaya gani mzee akikaa kwa binti yake. Ubaya ni kwamba nyumba ya binti ni nyumba ya mkwe. Mzee huja kwa mkwewe mchana, akachinjiwa kuku, akaongea mambo ya heshima, na jua halijazama yuko njiani kurudi kwake. Kulala ni aibu. Kufia huko hata hatukutaji. Baba alipofika kwangu alikataa katakata kulala chini ya paa la mume wangu. Akachagua stoo ya uani, akakaa na gunia la makaa na baiskeli mbovu, na mbu wa Kisumu wakafurahi sana. Kila asubuhi, kabla ya salamu, alikuwa na swali moja.

"Nyara," ananiita hivyo, yaani binti yangu kwa Kijaluo, "mimi naenda nyumbani lini?"

"Mkono ukipona, Baba."

"Mimi siwezi kufia kwa mkwe."

"Hufi leo. Kunywa uji."

Hayo ndiyo yalikuwa maombi yetu ya asubuhi kwa miezi mitano.

Mume wangu ni mtu mpole, na upole wake ndio ulionitia wasiwasi. Mbele ya baba mkwe hawezi kuvua shati, joto liwe namna gani. Hawezi kucheka kwa sauti na televisheni. Hawezi hata kunigombeza, jambo ambalo ungefikiri lingenifurahisha. Alikuwa akiingia, anasalimu kwa kuinama, anachukua sahani yake na kwenda kula chumbani kama mgeni wa hoteli. Halafu akaanza kuchelewa kurudi kutoka kazini, leo saa moja usiku, kesho saa mbili. Hakuwahi kusema mzee aondoke. Aliuliza tu, akivua viatu, "Mkono unaendeleaje?" Na mimi nilijua anauliza lini atarudishiwa nyumba yake.

Kwa hiyo sote tulikuwa tunaungojea mkono ule. Daktari wa mazoezi, binti mdogo mwenye sauti kali, alikuwa ametuwekea sharti. Kila kliniki angempa baba vidole vyake viwili aviminye. Siku atakayoviminya mpaka binti asikie nguvu zimerudi, siku hiyo mzee ataweza kushika sufuria na fimbo, na ruhusa ya kwenda kwake ataipata. Akampa mpira wa kuminyaminya nyumbani. Baba aliniuliza kama nimewahi kumwona akicheza mpira. Siku ya tatu niliukuta mpira ule kwa mbwa wa jirani, umeshatafunwa upande mmoja.

Ndiyo maana nilipokiona kile kipulizo cha Kibuye moyo uliruka. Nilifikiri, huyu ni mtu wa rangi. Kushoto atashika kimrija, kulia ataminya kibofu, na mkono utafanya mazoezi bila yeye kujua kwamba ni mazoezi. Nilijiona mjanja sana.

"Ma en ang'o?" akauliza nilipomwekea mapajani. Hiki ni nini.

"Ni cha kupulizia rangi."

Akakigeuza, akakinusa. "Hii ni ya watoto."

"Ni ya mtu yeyote mwenye mkono."

Hilo lilikuwa neno baya, na nilijuta lilipotoka. Lakini lilifanya kazi. Akachomeka kalamu nyeusi, akakiweka kibofu kwenye kiganja cha kulia, akavikunja vidole juu yake kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, kisha akaminya. Likatoka tone moja. Akaminya tena, tone la pili likadondokea suruali yake. Akalisugua kwa kidole.

"Wino wa maji," akasema. "Mvua moja tu, kazi imeenda."

"Hakuna aliyekwambia uandike mashua."

Kuanzia siku hiyo sikupata amani. Kwanza alimaliza kalamu nyeusi. Kalamu zenyewe zilikuwa za darasa langu, nilikuwa naazima tano Ijumaa na kurudisha tatu Jumatatu, na mwalimu mkuu akaanza kuniuliza kwa nini watoto wa darasa langu wanachora mbuzi wa waridi na wa manjano. Kalamu zikikauka alitaka maji ya moto ya kuzidondoshea mkiani, matone mawili, na maji yawe yamechemka hasa, si ya uvuguvugu, na ni mimi wa kuyachemsha. Karatasi za daftari akazikataa kwa sababu zinanyonya. Akataka kadi ngumu. Nikaleta. Akataka filamu kuukuu za eksirei za kukatia herufi, kwa kuwa karatasi ukiikata herufi hulowa na kupinda. Nikaenda hospitali kuomba filamu za watu nisiowajua, kifua cha huyu na goti la yule, nikampelekea.

Tena hakunishukuru, alinikosoa. Chati zangu za shule zilikuwa ukutani sebuleni, alfabeti yote, na kila alipoingia kunywa chai alisimama mbele yake akitikisa kichwa.

"Hii S imelewa."

"Watoto wanaielewa, Baba."

"Watoto ni wapole. Na hapa, kati ya L na M, umeacha nafasi ya kupita ng'ombe."

Siku moja nilirudi nikakuta S yangu imefunikwa kwa S nyingine, ya samawati, imepulizwa juu yake, na matone yamenyunyuka mpaka kwenye kochi. Kochi la mume wangu. Nilisugua kwa sabuni mpaka kitambaa kikaota manyoya. Nilikuwa nalia kwa hasira, nanung'unika kwa sauti, na baba amesimama mlangoni akinielekeza nisugue upande gani.

Haya yote ningeyavumilia kama mkono ungepona. Kliniki ya kwanza baada ya kipulizo, binti akampa vidole, baba akavishika kama anayeshika yai. Ya pili vile vile. Ya tatu yule binti akaniangalia mimi, si yeye.

"Mama, huyu mzee anafanya mazoezi kweli?"

"Kila siku. Anamaliza kalamu za shule nzima."

"Basi hafanyi na mkono huu. Mkono unaofanya kazi kila siku hauwezi kuwa hivi."

Niliona aibu kama mzazi aliyeitwa shuleni. Njia nzima nilimwuliza baba kama anatumia mkono wa kushoto nikiwa kazini, na yeye anatazama nje ya tuktuk, anasoma mabango. Usiku ule mume wangu akavua viatu na kuuliza mkono unaendeleaje. Nilimwambia aache kuniuliza habari za mkono, mkono si wangu. Kesho yake akarudi saa tatu usiku.

Yapo mambo ambayo ningeyaona kama nisingekuwa na hasira. Zile filamu za eksirei, kwa mfano. Nilizikuta stooni zimekatwa herufi safi kabisa, kona kali, mviringo wa O usio na kasoro. Filamu huwezi kuikata hivyo kwa mkono mmoja. Lazima mmoja ubane na mwingine upitishe wembe. Nilimwuliza nani alimkatia, akasema ni mama wa nyumba ya pili, ambaye humsaidia saidia. Nikaamini, nikampelekea yule mama sukari ya shukrani. Aliipokea bila kuuliza ni ya nini.

Halafu ikaja Jumatano moja shuleni hakuna maji. Mifereji ilikuwa mikavu siku ya pili, vyoo havikaliki, watoto wakarudishwa kwao saa nne. Nilifika nyumbani nimebeba mkoba na hasira zangu za kawaida. Mama wa nyumba ya pili alikuwa anafua karibu na lango, na aliponiona aliacha nguo ndani ya beseni.

"Mwalimu," akasema kwa sauti kubwa kuliko haja, "leo umerudi mapema sana. Mwalimu amerudi."

Hakuwa anaongea na mimi. Nikampita nikaenda uani.

Baba alikuwa amekaa juu ya mkebe wa rangi uliopinduliwa. Mbele yake, kwenye ukuta wa stoo, kuna ubao, na juu ya ubao kuna ngege mkubwa, samaki mzima na magamba yake. Mgongo ni mweusi, unashuka taratibu kuwa kijivu, unashuka tena mpaka tumboni ambako hakuna rangi kabisa, na hungeweza kuonyesha kwa kidole mahali weusi ulipoishia. Chini yake imeandikwa SAMAKI FRESHI, herufi zimekaa kama zimezaliwa hapo. Ilikuwa kazi ya mama anayekaanga samaki pale kona. Hakukuwa na tone moja lililotemwa kwenye ubao wote.

Na mkono wake wa kulia ulikuwa unaminya. Aliminya kwa nguvu, kwa mwendo mmoja, mishipa imesimama, kama mtu anayekamua ng'ombe. Hakuwa amenisikia. Nilisimama nikamtazama akimaliza pezi zima, na nakiri kwamba kwa dakika ile nilisahau kukasirika, kwa sababu kazi ilikuwa nzuri.

Kisha nikakumbuka.

"Baba."

Mkono ukaanguka mapajani. Ulianguka vizuri sana, ukaning'inia pale ulipozoea kuning'inia. Alikuwa amejizoeza.

"Usinidanganye," nikamwambia. "Nimesimama hapa muda."

Akakiweka kipulizo chini. Nikaanza. Nilimwambia kuhusu kalamu za watoto na mwalimu mkuu. Nilimwambia kuhusu filamu nilizoombaomba, sukari niliyopeleka, kochi, aibu ya pale kliniki. Nilimwambia mume wangu haji nyumbani, kwamba nyumba hii inaniponyoka na yeye amekaa stooni anaigiza ugonjwa. Nilimwambia kila asubuhi kwa miezi mitano amenilaza na kuniamsha na wimbo mmoja, naenda nyumbani lini, siwezi kufia kwa mkwe, na kumbe mkono wa kumpeleka nyumbani anao, ameuficha kama mwizi. Mama wa nyumba ya pili alikuwa ameacha kabisa kufua.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Mwezi wa tano."

"Na unasema unataka kwenda kwako."

"Mzee lazima aseme hivyo," akajibu. "Nisiposema, mkwe atanionaje?"

"Mimi sikuulizi unachosema. Nakuuliza unachotaka."

Alichukua kitambaa, akaanza kufuta ncha ya kalamu, kwa mikono yote miwili sasa, hakukuwa na haja ya kuficha. Aliifuta mpaka ikawa safi, akaifunga kifuniko.

"Tangu mama yako aende," akasema, "kule nyumbani hakuna mtu wa kunigombeza. Naamka, nakaa, nalala. Kuku tu."

Nilikuwa na maneno mengine mengi, nilikuwa hata sijafika kwenye mbu na dawa za malaria. Badala yake nilimwambia anawe mikono, nikaingia jikoni nikapika ugali mapema mno, saa tano asubuhi, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Nilikuwa na hasira bado. Nataka hilo lieleweke. Nilikuwa na hasira na yeye, na kaka yangu na simu yake, na mimi mwenyewe, niliyekaa naye miezi yote ile nikiuangalia mkono tu.

Wiki iliyofuata ilikuwa kliniki. Binti wa mazoezi akavuta kiti, akanyoosha vidole viwili kama kawaida.

"Haya, Mzee. Minya na nguvu yote."

Baba hakuminya. Aligeuza kichwa akaniangalia, na katika maisha yangu yote mtu yule hajawahi kuniangalia hivyo, yeye ndiye baba na mimi ndiye mtoto, lakini alikuwa anaomba ruhusa. Nilimfikiria mume wangu na sahani yake chumbani. Nilifikiria kwamba kila siku huwaambia watoto wa miaka mitano wasiseme uongo.

"Bado," nikamwambia yule binti. "Nimekuwa naye wiki nzima, bado ni dhaifu. Tupe mwezi mmoja."

Vidole vya baba vikalala juu ya vidole vya binti kama vimekufa. Binti akashusha pumzi, akaandika kwenye kadi.

Mume wangu sijui nitamwambia nini. Tulipopanda tuktuk nilianza kumgombeza baba kabla gari halijaondoka. Nikarudia zote, kuanzia mpira aliompa mbwa, nikaongeza mpya, kwamba amenifanya mwongo mbele ya daktari mimi mwalimu, na kwamba kesho analala ndani kwenye neti, apende asipende, mkwe atajua mwenyewe. Tulipofika mzunguko wa Kibuye dereva alishindwa kuvumilia, akageuka.

"Mama, pole pole basi. Huyu ni mzee, mhurumie."

Baba akanyoosha mkono wa kulia, akamshika bega.

"Wewe endesha," akamwambia. "Mwache aongee."